Rilei ya kuendesha feni saidizi za dakti nyumbani: koili ichukue amri wapi?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, naomba mchango wa wenye ujuzi wa umeme wa mashine za hewa. Nyumba ninayoishi hupashwa joto na kupozwa kwa mashine ya kati, yaani hita ya gesi iliyounganishwa na kiyoyozi, na vyote viwili hutumia feni kuu moja inayosukuma hewa ndani ya dakti hadi kila chumba. Vyumba vitatu vilivyo mwisho wa dakti hupata hewa hafifu. Nimebadilisha chujio, nimefungua vilango vyote vya hewa na kuziba mianya kwenye maungio ya dakti, na hali imekuwa nafuu kidogo lakini bado haijaridhisha.

Kwa hiyo nimepata feni tatu ndogo za kufungwa ndani ya dakti, kila moja ya wati 40, zinazotumia umeme wa kawaida wa nyumba. Ninataka ziwake zenyewe feni kuu inapowaka na zizime inapozima, bila mtu kukumbuka swichi. Nimeshauriwa nitafute rilei, yaani swichi inayovutwa na usumaku wa koili yake, yenye koili ya volti 24, niifunge koili hiyo kati ya pointi za G (amri ya feni) na C (njia ya kurudishia umeme) za bodi ya mashine, kisha kontakti za rilei, yaani ncha zake zinazogusana na kuachana, zikate na kuunganisha umeme wa feni. Je, ushauri huo unatosha? Na rilei iwe ya ukubwa gani?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, umeanza mahali panapostahili, kwa sababu feni saidizi haiwezi kufidia dakti inayovuja au chujio lililoziba. Wazo lako la rilei ni zuri pia. Ila swali la ukubwa wa rilei, ambalo watu wengi hulitanguliza, ndilo jepesi kuliko yote. Swali gumu ni hili la mwisho wa kichwa chako cha habari: koili itapata amri kutoka wapi? Rilei hutii koili yake tu. Koili ikipewa amri isiyolingana na mwenendo halisi wa feni kuu, utakuwa na feni zinazozunguka wakati hakuna hewa ya kusukuma, au feni zilizosimama katikati ya dakti wakati hewa inapita. Hali hiyo ya pili ni mbaya kuliko kutokuwa na feni kabisa, kwa kuwa mapanga yaliyosimama pamoja na mota yake huziba sehemu ya njia, na chumba kilichokuwa kikipata hewa kidogo hupata kidogo zaidi.

Sasa tuangalie G. Pointi ya G ni amri ya thamostati, yaani kidhibiti joto cha ukutani, kwa feni kuu. Unapowasha kiyoyozi, thamostati hupeleka umeme kwenye Y kwa ajili ya kompresa na kwenye G kwa ajili ya feni, hivyo rilei yako itafanya kazi. Unapoweka thamostati kwenye hali ya feni pekee, G hupata umeme na rilei itafanya kazi pia. Lakini wakati wa kupasha joto, thamostati iliyopangwa kwa hita ya gesi hupeleka umeme kwenye W, yaani amri ya joto, peke yake. G haipati kitu. Ni bodi ya hita yenyewe ambayo, baada ya moto kuwaka, husubiri muda fulani, mara nyingi nusu dakika au zaidi, ili kibadilisha joto kipate joto kwanza, ndipo iwashe feni kuu. Kwa hiyo ukifuata ushauri uliopewa, feni zako tatu zitafanya kazi msimu wa joto na kukaa kimya msimu wote wa baridi, na utadhani zimeharibika.

Hapo ndipo mtu hushawishika kuunganisha W na G kwenye koili moja ili amri yoyote kati ya hizo iwashe rilei. Tafadhali usifanye hivyo. Ukiunganisha nyaya hizo mbili mahali popote, zimekuwa waya mmoja kwa mashine nzima. Thamostati ikiita kiyoyozi, umeme wa G utarudi kupitia kiungo hicho hadi W, na hita ya gesi itawaka wakati kiyoyozi kinapoza. Ikiita joto, umeme wa W utaingia G na feni kuu itaanza kusukuma hewa baridi vyumbani kabla moto haujashika. Kama ni lazima utumie amri zote mbili, tumia rilei mbili zilizo kamili: koili ya kwanza kati ya G na C, koili ya pili kati ya W na C, kisha kontakti zake zifungwe sambamba upande wa umeme wa feni. Hapo koili hazijuani, na rilei yoyote ikivuta feni zitawaka.

Hata hivyo, rilei mbili hazimalizi tatizo lote. Feni kuu huchelewa kuwaka baada ya W kupata umeme na huendelea kuzunguka kwa dakika moja, mbili au tatu baada ya moto kuzimwa, ili joto lililobaki kwenye kibadilisha joto lisipotee bure. Rilei ya W haijui ucheleweshaji huo. Itawasha feni saidizi mapema mno na kuzizima wakati hewa ya moto bado inakuja. Rilei zenye kuchelewesha muda zipo, lakini unakuwa unakisia kile ambacho bodi tayari inakifahamu.

Kwa sababu hiyo napendelea amri itoke kwenye kitu kinachowaka pale tu feni kuu inapozunguka. Fungua kifuniko cha hita yako, baada ya kuzima sakiti breka yake, uitazame bodi. Bodi nyingi za hita za gesi za mfumo wa volti 120 zina pointi iliyoandikwa EAC, iliyokusudiwa kifaa cha kusafisha hewa kwa umeme. Kwa kawaida pointi hiyo hutoa umeme wa volti 120 kila mara bodi inapoiendesha feni kuu, iwe kwa joto, kwa ubaridi au kwa feni pekee, na ucheleweshaji wote umo ndani yake. Ni amri iliyo bora kuliko G na W zikiwekwa pamoja.

Pengine utauliza, kama pointi hiyo ina umeme kamili, kwa nini feni zisifungwe hapo moja kwa moja na rilei tukaiacha? Kwa sababu ya uwezo wake. Kwa kawaida pointi ya EAC huandikwa kikomo cha ampea 1. Feni zako tatu za wati 40 ni wati 120, na kwa volti 120 hiyo ni ampea 1 hata kabla hatujahesabu kwamba mota ndogo huvuta mkondo mkubwa kuliko wati zake zinavyoonyesha. Kipimo cha nguvu cha mota, yaani wati zake zikigawanywa kwa zao la volti na ampea, kikiwa 0.6, mkondo unafika karibu ampea 1.7. Kuna pia mkondo wa kuanzia, ambao katika mota za induksheni unaweza kufika mara tano au sita ya mkondo wa kawaida kwa muda mfupi. Rilei ndogo iliyomo ndani ya bodi ingeungua kontakti zake polepole, na kubadilisha bodi ya hita ni kazi kubwa kuliko kubadilisha rilei ya pembeni. Koili ya rilei ya volti 120 huvuta sehemu ndogo sana ya ampea, na kontakti zake ndizo zitakazobeba mzigo. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na rilei hapa.

Kuhusu ukubwa sasa jibu ni fupi. Chukua jumla ya ampea zilizoandikwa kwenye vibao vya feni, wala si wati peke yake, kisha soma kwenye rilei kiwango cha mota. Rilei moja huweza kuandikwa ampea 10 kwa mzigo wa kawaida kama taa ya nyuzi au hita, na kiwango kidogo zaidi kwa mota. Kwenye kontakta (rilei kubwa za mizigo mizito) za viwango vya kimataifa utaona AC-1 kwa mzigo usio wa mota na AC-3 kwa mota za induksheni. Kiwango kinachokuhusu ni cha mota. Kwa feni tatu kama zako, rilei ya ampea 10 iliyo na kiwango halali cha mota inatosha na kubaki na nafasi. Sioni haja ya kontakta kubwa ya kompresa, ambayo koili yake hula umeme zaidi na hupiga kelele inapovuta.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa maelezo hayo ya kina, nami nakubaliana na msingi wake kwamba amri itoke kwenye feni kuu yenyewe. Ila napendekeza njia nyingine ambayo haigusi bodi hata kidogo. Kuna swichi za kuhisi mkondo, ambazo hupitisha waya wa feni kuu katikati ya pete yake. Mkondo unapopita ndani ya waya huo, swichi hufunga na kupeleka umeme kwenye koili ya rilei. Faida yake ni kwamba inahisi feni inayozunguka kweli, si amri ya kuzunguka. Feni kuu ikiungua huku bodi ikiendelea kuiamuru, feni saidizi hazitawaka.

Pili, kwa nini tusitumie rilei isiyo na kontakti zinazosogea, ile ya nusu-kipitishi? Haina mlio wala cheche, na haichakai kwa kuwashwa mara nyingi.

Mchangiaji wa kwanza

Hoja ya swichi ya kuhisi mkondo ni nzuri, na kwa feni kuu yenye mota ya kawaida ya kapasita ningeiweka sawa na EAC. Tatizo linakuja kwenye mashine mpya ambazo feni kuu ina mota ya kielektroniki inayobadili mwendo. Mota hiyo hubaki na umeme wakati wote, hata ikiwa imesimama, na ikizunguka kwa mwendo mdogo huvuta mkondo mdogo sana. Ukirekebisha swichi iwe nyepesi, inaweza kufunga kwa mkondo wa moduli ya kielektroniki ya mota peke yake. Ukiifanya nzito, haitahisi mwendo wa chini. Kabla ya kuichagua, tumia mita inayobana waya kupima mkondo wa feni kuu ikiwa imesimama na ikiwa kwenye mwendo wake wa chini kabisa, uone kama nafasi kati ya vipimo hivyo inatosha. Mahali ambapo haitoshi, swichi ya shinikizo la hewa iliyounganishwa na dakti kupitia tundu dogo hufanya kazi hiyo vizuri, kwa kuwa inahisi hewa yenyewe.

Kwa kuwa tumeitaja mota ya kapasita, niseme jambo moja ambalo limeharibu feni kuu nyingi. Mota hizo huwa na nyaya kadhaa za spidi, na bodi hutumia waya mmoja kwa joto na mwingine kwa ubaridi. Mtu akiona waya wa spidi ambao hautumiki hudhani ni mahali pa bure pa kuchukulia umeme wa koili. Mota inapozunguka, nyaya zote za spidi huwa hai, kwa sababu zote ni sehemu za koili moja ndefu, na volti inayotoka kwenye waya usiotumika si ile iliyoandikwa kwenye rilei yako. Vibaya zaidi ni kuunganisha nyaya mbili za spidi pamoja ili rilei ipate amri kwenye misimu yote miwili. Hapo sehemu ya koili ya mota imefungwa kwenye duara fupi, na itaungua.

Rilei ya nusu-kipitishi siikatai, ila sioni kama inafaa hapa. Ikiwa imezimwa, bado huvujisha miliampea kadhaa, na feni ndogo inaweza kunguruma au kutetemeka kwa uvujaji huo. Ikiwa imewashwa, hupoteza volti 1 hivi, na joto linalotokana nalo linahitaji bamba la kulipooza. Na inapokufa, mara nyingi hufa ikiwa imeunganisha, maana yake feni zitazunguka usiku na mchana bila kuzima. Feni hizi zitawashwa na kuzimwa mara chache kwa saa, na rilei ya kawaida huvumilia hali hiyo kwa miaka mingi.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze upande wa hewa, kwa kuwa mazungumzo yameegemea waya. Feni ndogo za mapanga zinazoingizwa ndani ya dakti hupimwa kiwandani bila kizuizi mbele yake. Zikikutana na dakti ndefu yenye kona nyingi, hewa inayopita hupungua sana kuliko iliyoandikwa kwenye kasha, kwa sababu haziwezi kujenga shinikizo kubwa. Feni kuu za majumbani kwa kawaida hukusudiwa kufanya kazi dhidi ya shinikizo la paskali 125 hivi, na feni ndogo ya wati 40 haifiki karibu na hapo. Kazi yake ni kupunguza kizuizi cha tawi moja. Kwa hiyo iwekwe kwenye tawi la chumba husika, mahali palipo nyooka, na isiwekwe kwenye dakti kuu.

Pia isikae karibu na hita. Hewa inayotoka kwenye hita ya gesi huweza kufika nyuzijoto 50 hadi 60, na mota ya feni imo ndani ya mkondo huo. Soma kikomo cha joto kwenye kibao chake kabla ya kuchagua mahali. Na feni hizi zisiwekwe kamwe kwenye bomba la moshi wa hita wala la mashine ya kukausha nguo.

Neno langu la mwisho ni la usalama wa pumzi. Ukisukuma hewa nyingi kwenye vyumba vya mbali ambavyo milango yake hufungwa na havina njia ya kurudisha hewa, sehemu ilipo hita huweza kupungukiwa shinikizo, na moshi wa hita au wa kifaa cha gesi cha kupasha maji ukavutwa kurudi ndani. Monoksidi ya kaboni haina harufu. Acheni nafasi chini ya milango au wekeni matundu ya kurudisha hewa, na king'ora cha gesi hiyo kiwepo.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimefungua kifuniko umeme ukiwa umezimwa, na bodi ina pointi ya EAC yenye kikomo cha ampea 1, pamoja na nyutro yake, yaani waya wa kurudishia umeme. Nitatumia rilei ya koili ya volti 120 kwenye pointi hiyo. Nina maswali matatu yaliyobaki. Umeme wa kupita kwenye kontakti uchukuliwe wapi? Je, niweke daiodi kwenye koili kama nilivyozoea kwenye vifaa vya betri? Na nitajaribuje kazi nzima kabla ya kufunga kifuniko?

Mchangiaji wa kwanza

Umeme wa feni uchukue kutoka sakiti nyingine, kwa sababu kanuni za umeme za sehemu nyingi hutaka hita ya kati iwe na sakiti yake peke yake. Muulize fundi mwenye leseni kanuni ya kwako inasemaje. Jambo la kukumbuka ni kwamba kisanduku cha rilei sasa kitakuwa na umeme wa sakiti mbili. Kuzima breka moja hakukifanyi kiwe salama. Andika hivyo kwa maandishi makubwa juu ya kifuniko, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako akiwa hana habari. Nyutro za sakiti hizo mbili zisichanganywe: nyutro ya koili irudi kwenye bodi, na nyutro ya feni irudi kwenye sakiti ya feni. Kontakti ikate waya wa laivu, kamwe isikate nyutro, na ethi ipite bila kukatwa hadi kwenye kila feni na kwenye kisanduku chenyewe kama ni cha chuma. Tumia kontakti iliyo wazi wakati koili haina umeme, ili rilei ikifa feni zizime.

Kama mtu mwingine anayesoma hapa ataamua kutumia koili ya volti 24, azingatie mambo mawili. Transfoma ya mashine nyingi ni ya volti-ampea 40, yaani hutoa ampea 1.67 kwa vyote: thamostati, vali ya gesi, kontakta ya kompresa na rilei yake mpya. Ajumlishe kwanza. Urefu wa waya wenyewe si tatizo kubwa. Koili ya volti-ampea 5 huvuta ampea 0.2 hivi, na hata mita 20 za waya mwembamba wa thamostati hazipotezi robo ya volti. La pili ni zito zaidi: nyaya za volti 24 zisilale pamoja na nyaya za umeme wa nyumba ndani ya kisanduku kimoja bila kizuizi kati yake, kwa sababu ganda la waya wa thamostati halikutengenezwa kwa volti hizo.

Daiodi usiiweke. Inafaa kwenye koili ya mkondo mnyoofu pekee. Kwenye koili ya mkondo geu ingekuwa njia fupi kwa nusu ya kila mzunguko, na ingeunguza pointi ya EAC. Ukitaka kupunguza cheche, weka kapasita na rezista zilizofuatana, za aina iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kwa volti hizo, sambamba na mzigo wa feni. Kuiweka sambamba na kontakti kuna kasoro, kwa kuwa huvujisha umeme kidogo hata rilei ikiwa imeachia.

Majaribio yaanze umeme ukiwa umezimwa pande zote. Kabla nyaya hazijaunganishwa kwenye rilei, pima kati ya koili na kontakti, na kati ya kontakti na kisanduku. Mita isionyeshe njia yoyote. Ukipima omu za koili usishangae zikiwa kidogo kuliko hesabu ya volti na ampea inavyotaka, maana koili ya mkondo geu huzuiliwa zaidi na usumaku wake kuliko na waya wake. Kisha washa sakiti ya hita peke yake na uite feni kutoka kwenye thamostati: rilei ivute kwa mlio mmoja mkavu, na ikae kimya. Ikiendelea kunguruma, volti ni ndogo au kuna uchafu kati ya ulimi wa chuma na kiini cha koili. Baada ya hapo washa sakiti ya feni, upime ampea za kila feni na jumla yake, ulinganishe na vibao.

Mwisho ita joto kwenye thamostati na usubiri. Moto utawaka, feni kuu itachelewa, na feni saidizi lazima zichelewe nayo. Zima thamostati, na zote ziendelee hadi bodi itakapoamua. Rudia kwa kiyoyozi, kisha kwa feni pekee. Baada ya wiki chache za matumizi zima sakiti zote mbili na ukaze tena skurubu za kontakti, kwa kuwa waya wenye nyuzi nyingi hulegea kidogo baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa.